Upara wa Goli la Chini

Mama ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa akirudi kutoka kiwanda cha kahawa, akakata njia katikati ya uwanja wa mpira kama sote tulivyozoea, akamkuta Baba amepiga magoti kwenye goli la chini, pale pale anaposimama kipa, aking'oa nyasi kwa vidole na kuzirundika kando. Alifika nyumbani, akatua kikapu, akaniambia kama mtu anayetoa habari za ng'ombe:

"Baba yako anapalilia mahali pasipo na mmea."

Nilikuwa nyumbani kwa sababu chuo kikuu kilikuwa kimefungwa tena. Miaka ile ya tisini vyuo vilifungwa mara nyingi hata majirani wakadhani kufungwa ni mojawapo ya masomo. Nilikuwa na ndevu chache na maoni mengi. Nikamwambia Mama kwamba huenda Baba anawatafutia sungura chakula.

"Sungura gani?" Mama aliuliza, akaingia jikoni.

Hatukuwa na sungura. Tulichokuwa nacho ni kaburi jipya nyuma ya migomba. Kaka yangu mkubwa, kipa wa timu yetu, alikuwa amezikwa humo mvua zilipokuwa zikianza.

Uwanja wenyewe ulikuwa juu kidogo ya Nkubu, upande wa mlimani. Ulikuwa mali ya chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, na timu nayo ilikuwa ya chama. Kuuita uwanja ni heshima tu. Ulikuwa umeinama. Goli la juu lilipakana na kiwanda, kwa hiyo kipa wa huko alicheza akinusa maganda ya kahawa yanayooza. Goli la chini lilielekea bondeni, na nyuma yake palikuwa na ua wa boma letu. Mbinu yetu ilikuwa kuanza kwa kupanda na kumaliza kwa kuteremka. Wageni waliposhinda kura ya sarafu walifurahi kuchagua mteremko mapema, wakiwa bado na pumzi, na sisi hatukuwaambia kitu. Kipindi cha kwanza walitushukia kama maji ya mfereji. Cha pili tukawashukia sisi, nao wamechoka. Mpango huo ulihitaji kipa wa kuvumilia kipindi cha kwanza, na huyo alikuwa kaka yangu.

Mimi sikurithi kipaji hicho. Nilijaribiwa winga wa kulia nikaangukia kinyesi cha ng'ombe, nikajaribiwa beki nikajifunga. Mwishowe wakanipa kibendera cha pembeni, ambacho kilikuwa kipande cha leso, na hata hapo wachezaji wetu walilalamika kwamba ninawaonea.

Kaka alikuwa na mazoea yake. Kabla ya mechi kuanza alikokota kisigino kutoka katikati ya mstari wa goli kwenda mbele, halafu akagusa mlingoti wa kushoto na wa kulia kwa teke dogo. Alisema mstari ule ulimwambia alipo bila kugeuka nyuma. Jioni alizotoka shambani mapema alikuwa pale tena, akijirusha peke yake, au nahodha akimpigia mashuti. Miaka ilivyopita mahali pale pakaota upara: udongo mwekundu mtupu, ukubwa wa kitanda, umebonyea kidogo katikati.

Upara huo ulimkera Baba kuliko siasa. Yeye ndiye aliyeutunza uwanja. Hakuna aliyemchagua, ng'ombe wake ndio waliomchagua, maana walikuwa wakiruka ua na kulisha mle, na chama kikaona ni nafuu kuliko kununua mashine ya kukata nyasi. Baba akaichukua kazi hiyo kwa moyo wote. Siku ya mechi aliamka mapema kuzoa kinyesi kwa wilbaro, na alijua kila kona ya uwanja ilivyokunywa maji. Kila msimu wa mvua alipanda nyasi kwenye goli la chini, akazimwagilia maji ya kuoshea vyombo, akazizungushia vijiti. Kila msimu kaka akazimaliza kwa mechi moja.

"Wewe! Usikanyage hapo!" Baba alipaza sauti kutoka kwenye ua, mechi ikiendelea.

"Baba, mimi ni kipa. Nisimame wapi?"

"Simama kando kidogo!"

"Na mpira nitauambia upite kando kidogo?"

Watu waliocheka zaidi walikuwa wageni, na ndiyo maana mara nyingi tuliwafunga wakati huo. Baba alikuwa akiondoka amekunja uso, lakini nilimjua. Mwanzoni watu walimwita kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, kama kawaida ya kwetu. Baadaye wakaanza kumwita Baba Kipa, na jina hilo alilivaa kama koti la Jumapili. Hata kwenye mizani ya kahawa, karani alipoita "Baba Kipa!" alijibu kabla ya wengine kugeuka.

Kisa cha kifo ni kifupi. Timu ilialikwa mechi ya kirafiki huko chini, upande wa Embu wa joto, kwenye soko ambalo barabara inashuka hadi masikio yanaziba. Wakati wa kurudi lori likaharibika, wakalala huko kwenye sakafu ya ghala. Watu wa huko huugua malaria kama sisi tunavyougua mafua: wanameza dawa, wanarudi kazini. Sisi wa baridi hatukuwa na mazoea hayo. Kaka alirudi akitania kwamba mbu wa huko wanacheza namba tisa. Baada ya siku kadhaa alianza kutetemeka. Tulidhani ni homa ya kunyeshewa, tukampa uji wa moto na blanketi. Tulipomfikisha hospitali ya Nkubu alikuwa hatutambui tena. Masista walifanya walichoweza. Nitaishia hapo, kwa sababu kila nilipojaribu kuandika zaidi ya hapo nimeishia kuandika mambo yaliyomhusu mwandishi tu.

Timu ikapata kipa mwingine, kijana mwepesi aliyependa kusimama mbele, karibu na mabeki, mikono kiunoni. Upara ukabaki nyuma yake bila mtu wa kuukanyaga. Mvua zikanyesha, na nyasi zikaanza kutambaa kutoka pembeni, zikiingia taratibu. Kile ambacho Baba alikipigania miaka yote sasa kilikuwa kinakuja chenyewe, bila vijiti wala maji ya vyombo.

Naye akaanza kuzing'oa.

Alikwenda jioni, baada ya kukamua. Alianzia ukingoni, akaufuata mzunguko wa upara kama mtu anayekata kucha. Nilikuwa nimesoma chuoni kitabu kinene kuhusu mila za maombolezo, na siku moja nilijaribu kumweleza Mama kwamba kitendo cha Baba kina maana pana katika jamii za wakulima. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanipa ndoo.

"Ng'ombe nao ni jamii ya wakulima," alisema. "Wapelekee maji."

Hakuna aliyemuuliza Baba. Wachezaji walimwona wakati wa mazoezi, wakahamia goli la juu hadi amalize. Hata yule kipa mpya, ambaye alikuwa na mdomo, alijifanya anafunga kamba za viatu. Na Baba bado aliitika alipoitwa Baba Kipa, ingawa sasa watu walilitamka haraka, kama wanaokanyaga sakafu yenye joto.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo kwa miaka, lakini timu ilifanya kosa la kushinda. Tulipanda daraja. Ligi ya mkoa ilikuwa na masharti, na Jumapili moja baada ya ibada mwenyekiti wa timu alituita sote pembeni mwa uwanja kutueleza. Mwenyekiti alikuwa na mashine ya kusaga mahindi sokoni, na kwa sababu ya kuzoea kelele za mashine hakujua kuzungumza polepole.

"Ndugu zangu!" alifoka. "Ligi imesema hivi: hakuna ukuta, hakuna mechi!"

"Tuna ua wa Baba Kipa!" mtu alidakia.

"Ule ni wa kuzuia ng'ombe."

"Na mabeki wa wageni ni nini?"

Watu walicheka. Mwenyekiti akangoja, halafu akaendelea. Kulikuwa na tajiri mmoja wa ndengu huko chini upande wa Embu, aliyejenga uwanja mpya kwao: ukuta wa mawe, vyumba viwili vya kubadilishia nguo, jukwaa lenye paa la mabati. Uwanja alikuwa nao, timu ya daraja hilo hakuwa nayo. Sisi tulikuwa na timu. Angetupa jezi na lori. Kilichotakiwa ni sisi kuufanya uwanja wake kuwa nyumbani kwetu.

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja kuhusu mali ya umma na ubepari, na nilikuwa bado kwenye utangulizi wakati mama mmoja aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchemsha aliponiambia, "Profesa, keti, unanizibia wateja." Nikaketi.

Ndipo Baba akauliza, bila kusimama: "Ni soko lile mlilolala?"

Mwenyekiti alishusha sauti kwa mara ya kwanza nikimsikia. "Ni lile, Baba Kipa."

"Lori lilipoharibika."

"Ndiyo. Lakini lori hili ni jipya."

"Lori silo lililomuuma," Baba alisema.

Nahodha alikuwa akitazama viatu vyake. Alikuwa mchinjaji pale Nkubu, mtu mnene wa shingo, rafiki wa kaka tangu shule ya msingi. Wawili hao walikuwa wamegawana mpaka sabuni. Kura ilipopigwa aliinua mkono wake mwisho, na aliuinua nusu. Lakini aliuinua. Nisingemlaumu. Vijana wale walikuwa wametoka jasho miaka mingi ili wacheze na timu zenye jezi za kufanana.

Sasa, kwetu mtu akihama hahami mikono mitupu. Anayejenga boma jipya hung'oa machipukizi ya migomba ya nyumbani, akakata na kichwa cha kiazi kikuu, akaenda navyo, ili ardhi ngeni isimwone mgeni. Mama alikuja kwa Baba na mgomba kichwani, na sisi watoto wake tunakula ndizi za bibi ambaye hatukumwona. Kwa hiyo wachezaji walipoanza kuzungumza kwamba timu haiwezi kuhama bila mbegu, hakuna aliyeshangaa. Walishangaa tu kuhusu mbegu gani.

Nahodha alikuja Jumamosi asubuhi, na wenzake kadhaa, majembe begani na magunia mikononi. Baba alikuwa akinoa panga.

"Muga, Mzee," nahodha alisalimu.

"Muga. Mmekuja kuchimba nyasi? Chukueni pale katikati, ndiko zilikoshonana vizuri. Kona ya kule ni dhaifu, ng'ombe wameilala."

"Hatutaki nyasi, Mzee." Nahodha alibadilisha jembe bega. "Tunataka pale golini."

"Golini hakuna nyasi."

"Ndiyo. Tunataka udongo wake."

Baba aliendelea kunoa. Nilidhani atamfukuza. Nilitamani amfukuze, ingawa ningeulizwa sababu ningetoa zile za kitabuni.

"Nimekataza," alisema mwishowe. "Popote, lakini si pale."

"Baba." Nahodha hakuwa amewahi kumwita hivyo, kila siku ilikuwa Mzee au Baba Kipa. "Sisi tukiondoka, hapa nani atacheza? Chama kimesema kitapanda majani ya ng'ombe, au miche ya kahawa. Wewe unang'oa leo, unang'oa kesho. Mgongo wako je? Ukishindwa siku moja, wiki moja, patafunikwa. Huko kuna mtu atasimama juu yake kila Jumamosi."

"Huko ndiko kulikomuua."

"Najua. Nilikuwa nimelala kando yake." Akakohoa kama mtu aliyemeza nzi. "Mimi mbu hawakunitaka."

Baba aliweka panga chini. Alitazama ua, halafu uwanja ng'ambo yake, muda mrefu kiasi kwamba mmoja wa wachezaji akakaa juu ya gunia. Kisha akaingia stoo akatoka na jembe lake mwenyewe, lile la mpini uliong'aa kwa viganja vyake.

"Nitachimba mimi," alisema. "Nyinyi mnalima kama mnaua nyoka."

Nimewahi kuona watu wakichimba vitu vingi, lakini sijaona mtu akichimba vile. Alianza kwa kuuzunguka upara wote, akikata polepole ukingoni, jinsi anavyolitenga chipukizi la mgomba na mama yake. Alichota udongo wa juu kwanza, akaumimina kwenye magunia ya peke yake, na wa chini kwenye magunia mengine, akawaambia wasichanganye. "Huu wa juu ndio aliokuwa akiukanyaga," alisema. Walitii. Wanaume wale waliozoea kuvunja miguu ya watu walibeba magunia yale kwa mikono miwili, mbele ya kifua. Nami nilishika midomo ya magunia. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kuifanyia timu ile bila kulalamikiwa.

Mama alisimama nyuma ya ua akitazama. Alipoona wamemaliza aligeuka, akaenda kuwasha moto, kwa sababu wageni hawaondoki bila chai.

Shimo lililobaki lilikuwa na ukubwa ambao sote tuliutambua.

Siku ya kufungua uwanja mpya tulishuka sote na lile lori jipya. Baba alivaa koti lake zito la sufu na kofia, kwa kuwa ilikuwa sherehe na kwa kuwa kwetu asubuhi huwa na umande. Kufika chini, jua lilikuwa linapiga mabati hadi yanalia. Alikataa kuvua koti. Mwenyekiti alisoma hotuba ambayo nilikuwa nimemwandikia mimi, iliyojaa maneno kama mhimili na mustakabali, na wenyeji walipiga makofi mahali palipokuwa na nukta tu, ili wapumzike.

Uwanja ulikuwa mzuri, lazima niseme. Ulikuwa tambarare kama meza. Ardhi yake ilikuwa ya rangi ya majivu, na nyasi fupi zilizomwagiliwa kwa bomba. Na katika goli la upande wa mashariki, kutoka jukwaani, niliuona udongo wetu: mwekundu, umekaa peke yake, kama kiraka cha kitambaa kingine kwenye suruali. Wachezaji walikuwa wameupanda wenyewe wiki iliyotangulia.

Nasema waliupanda, na hilo ndilo lililotuponza. Mkulima yeyote wa kwetu akipanda kitu hukiinulia udongo shinani, akaushindilia kwa mguu. Hata ukimwamsha usingizini atafanya hivyo. Udongo ambao miaka yote ulikuwa umebonyea, wao waliuinua. Jua la siku chache likaukausha ukawa tofali. Tajiri wa ndengu, mtu mpole kweli, alikuwa ameambiwa ni desturi ya watu wa juu, akasema desturi ziheshimiwe.

Tulicheza na timu kutoka upande wa Kiirua, watu wa viazi na ngano, ambao nao walikuwa wakifa kwa joto kama sisi. Ilikuwa mechi ya watu wanaotafuta kivuli. Hakukuwa na mteremko wa kutuokoa kipindi cha pili. Hatimaye mchezaji wao mmoja, aliyetaka tu kuuondoa mpira miguuni mwake, aliupiga kutoka mbali, ukaja unabingirika polepole kiasi kwamba kipa wetu alipata muda wa kupiga goti moja na kufungua mikono, kama mtu anayempokea mtoto. Mpira ulifika ukingoni mwa udongo mwekundu. Ukagonga ukuta ule mdogo, ukaruka juu ya bega lake, ukaingia.

Wachezaji wa Kiirua hawakushangilia mara moja. Walitazamana kwanza.

Jukwaa zima lilicheka. Wenyeji walikuwa mashabiki wetu kwa mkataba tu, na mkataba haukusema wasicheke. Nyuma yetu mwanamume mmoja mwenye mfuko wa mapapai alisimama akapaza sauti:

"Ondoeni hicho kichuguu! Kwani mmemzika nani hapo?"

Kicheko kikaongezeka. Nahodha, kule uwanjani, alisikia. Nilimwona akisimama akiwa amegeukia jukwaa, mikono imening'inia. Baba alivua kofia. Akageuka, akamwambia yule mtu kwa adabu, kama anayemwelekeza njia:

"Hakuzikwa hapo. Alizikwa nyumbani."

Yule mtu alidhani ni utani, na tena utani mzuri. Alicheka hadi akamshika Baba bega. "Mzee, wewe ni mtu wetu kabisa," akasema, akakata papai kwa kisu, akampa kipande kikubwa. Baba akakipokea. Alikila chote, mbegu zikimdondokea kwenye koti, na macho yake hayakutoka kwenye goli lile. Ilipobaki maganda tu mkononi aliinama kwangu.

"Ule angeudaka kwa kisigino," alisema.

Tulishindwa bao hilo moja. Kwenye lori hakuna aliyeimba. Nahodha alikaa karibu na Baba njia nzima. Tulipoanza kupanda na baridi kuingia, Baba alivua lile koti alilokataa kulivua juani, akamfunika nalo yule mchinjaji magoti. Nahodha alilia hapo, mbele ya timu nzima, na timu nzima ikatazama mashamba ya watu.

Mechi ya nyumbani iliyofuata Baba alisema anataka kwenda tena. Mama alimuuliza anakwenda kutazama nini. "Mpira," alisema. Nikamsindikiza.

Kiraka kilikuwa hakipo. Goli lilikuwa limesawazishwa vizuri, limepandwa nyasi fupi kama kwingine, na kamba imezungushwa zisikanyagwe hadi mechi ianze. Mtunza uwanja alituambia, akifurahia kazi yake, kwamba timu ililalamika. Ni kipa mpya aliyelalamika, na alikuwa na haki. Mtu hawezi kufungwa na kichuguu kila wiki.

"Udongo mmeupeleka wapi?" Baba aliuliza.

"Ule mwekundu? Uko nje."

Tulizunguka ukuta. Ulikuwa umemwagwa kando ya njia ya mifugo, umechanganyika na vigunzi vya mahindi na vipande vya mawe ya ujenzi. Wa juu na wa chini, wote pamoja. Juu yake walikuwa wamelala mbuzi, ubavu kwa ubavu. Pembeni kote ardhi iliwaka, lakini udongo wetu huhifadhi unyevu, na mbuzi walikuwa wamelijua hilo kabla yetu.

Nilitaka kuwafukuza. Nilikuwa nimeshaokota jiwe. Nilifikiria pia kutafuta gunia, na ninadhani nilisema hivyo, kwamba nitatafuta gunia.

"La kutilia nini?" Baba aliuliza. "Utauchambua?"

Alisimama pale, kofia mkononi. Beberu mmoja aliinua kichwa akatutazama, akakilaza tena.

"Waache," Baba alisema. "Pana baridi hapo."

Hatukuingia uwanjani. Tulisikia filimbi ya kuanza tukiwa tayari barabarani, na hadi leo sijui kama siku hiyo tulishinda.

Mvua zilipokaribia, lile shimo la nyumbani lilianza kushika maji. Mama ndiye aliyesema, wakati wa chai, bila kumtazama mtu: "Ng'ombe atavunjika mguu pale." Kesho yake Baba alichukua wilbaro, akaleta udongo wa kawaida kutoka chini ya migomba, akamimina, akarudi kuchukua mwingine. Nilikwenda kumsaidia. Chuo kilikuwa kimetangaza kufunguliwa na nilikuwa na siku chache tu.

Shimo lilipojaa alilisawazisha kwa mgongo wa jembe. Hakuliinua, hakulibonyesha. Kisha akaenda katikati ya uwanja, kule alikosema zimeshonana vizuri, akachimbua nyasi, akazileta kwenye kikapu cha Mama cha kahawa. Alipiga magoti. Alipanda shina kwa shina, akibana kila moja kwa vidole viwili, jinsi alivyofanya kila msimu kaka alipokuwa hai na mechi ikiwa Jumamosi. Alipofika katikati, pale ulipokuwa ukianzia ule mstari wa kisigino, alisita kidogo, mkono umeshika shina moja. Halafu akalipanda.

Nilisogea kumpa vijiti vya kuzungushia.

"Usikanyage hapo," alisema.

Sikuwa nimekanyaga. Nilikuwa hatua nzima nje, tena nimevua viatu. Nilirudi nyuma hata hivyo, nikasimama kando kidogo.

Mwaka ule mvua zilikuwa nzuri. Mama aliniambia nyasi zilishika zote.